Je, wajua kwa nini tiba ghali ya kiharusi huweza kuwa nafuu?

Mzee anaamka asubuhi Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda: mkono wa kulia hauinuki, mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki. Jirani atasema karogwa. Mara nyingi ni donge la damu lililoziba mshipa unaolisha ubongo. Mshipa mkubwa ukizibwa, kila dakika hufa seli za ubongo zipatazo milioni 1.9.

Donge hilo huweza kutolewa bila kupasua kichwa. Daktari huingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena, akauongoza kwa eksirei kupitia shingo hadi ubongoni, kisha hulinasa donge kwa wavu mdogo wa waya au kulifyonza. Majaribio matano yaliyojumlishwa mwaka 2016, yenye wagonjwa 1,287, yalionyesha kuwa 46 kati ya 100 waliotolewa donge walijitegemea tena baada ya siku 90. Waliopata matibabu ya kawaida tu hawakufika 27.

Lakini ni ghali. Wavu hutumika mara moja ukatupwa, mashine ni ya bei kubwa, na timu lazima iwepo hata usiku wa manane. Kwa nini basi wachumi wa afya wa Uingereza waliona fedha hiyo inarudi? Kwa sababu gharama kubwa ya kiharusi haiko siku ya kwanza. Iko katika miaka ya kumlisha, kumwogesha na kumgeuza mtu kitandani asipate vidonda. Huko, fedha za umma hulipia mrija na pia sehemu ya uuguzi huo.

Kwetu Uganda uuguzi huo hulipwa na binti anayefunga kibanda chake sokoni, na mjukuu anayeacha shule. Hakuna bajeti inayowahesabu. Ndiyo maana tiba hii huonekana anasa: anayeokoa fedha si yule anayeilipia. Hesabu isiyomwona binti huyo, kwangu mimi, haijakamilika. Wala si tiba ya matajiri peke yao. Brazil waliijaribu katika hospitali za umma, na matokeo ya mwaka 2020 yalikuwa mazuri.

Kikwazo kingine ni saa. Kabla ya yote inahitajika picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani ya ubongo, maana kiharusi kingine ni cha kuvuja damu, na dawa ya kuyeyusha donge ingeweza kumwua mgonjwa huyo. Dawa hiyo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Mrija kwa kawaida ndani ya saa 6, na kwa wagonjwa wachache waliochaguliwa kwa picha, hadi saa 24. Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500. Mashine ikiwekwa Kampala bila CT na ambulensi za mikoani, itakaa bure, na kila mgonjwa mmoja atagharimu zaidi.

Ukimfikisha mzee wako hospitali, ataulizwa: alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi? Kama aliamka hivyo, saa huanza kuhesabiwa tangu alipokwenda kulala jana usiku.