Kiungulia na usingizi wa baada ya daku

Kila Ramadhani, likishapita kumi la mwanzo, wagonjwa wa kiungulia huongezeka katika chumba changu cha ushauri hapa Unguja, na wengi huanza kwa kuniuliza waache kula nini. Mimi huwauliza kwanza walikaa muda gani baada ya daku kabla ya kulala.

Pale umio unapoungana na tumbo pana msuli wa mviringo unaofunguka kupitisha tonge, kisha ukajifunga. Ukilegea wakati usio wake, tindikali hupanda na kuuchoma umio, ambao hauna kinga kama iliyo nayo tumbo. Aliyekaa wima husaidiwa na uzito wa chakula chenyewe kubaki chini. Aliyejinyoosha na tumbo limejaa hana msaada huo.

Namkumbuka mama mmoja aliyekwisha kujinyima ndimu, pilipili na chai ya maziwa hadi akakonda, na kifua bado kikimwaka. Daku lake lilikuwa wali wa nazi na mchuzi wa papa, na akishaswali alfajiri hurudi kitandani. Sikumkataza kingine. Nilimwomba ale kidogo, apunguze tui zito, kwa sababu mafuta hukawiza chakula tumboni, na asilale mpaka zipite saa 3 tangu ale. Mwanawe akaweka vipande vya mbao chini ya matendegu ya kichwani, kitanda kikainuka sentimita 15. Kurundika mito hakufai, kwani humkunja mtu kiunoni na kulibana tumbo. Kulala ubavu wa kushoto nako kulimsaidia.

Urojo, wenye ukwaju, embe mbichi na pilipili, huwachoma wengi lakini si wote, kwa hiyo kila mtu aandike kwa wiki mbili alichokula na kilichomsumbua. Hivyo hivyo kwa kahawa ya barazani. Sigara sina mjadala nayo: huulegeza msuli ule. Magadi soda yanayolambwa kutuliza kiungulia nayasikitikia zaidi, kwa kuwa yana sodiamu nyingi na wanaoyalamba mara nyingi huwa na shinikizo la damu.

Anayekwamwa na tonge, anayekonda bila sababu au anayepata choo cheusi kama lami asisubiri Idi ndipo apimwe. Anayetapika damu, au mwenye maumivu ya kifua yanayoelekea mkononi au tayani huku akitoka jasho, apelekwe hospitali usiku huohuo.