Majani ya sura mbili, mmea mmoja

Kwenye mabwawa ya Mufindi, mkoani Iringa, Tanzania, ni rahisi kudhani majini mna mimea miwili: mmoja wa majani mapana yanayoelea, mwingine wa majani marefu membamba yaliyozama. Mara nyingi ni mmoja tu.

Zamisha mkono, shika jani linaloelea, fuata kikonyo chake taratibu hadi kwenye shina, kisha shuka nalo. Yale membamba utayakuta kwenye shina hilohilo. Huo ni potamogetoni. Jani la juu ni gumu kidogo, linang'aa kama limepakwa nta, na matundu yake ya hewa yako upande wa juu. La chini ni laini, mwanga unapenya, linayumba na maji bila kuchanika. Maji yakienda kasi, mmea unaweza usitoe kabisa majani ya kuelea.

Wataalamu nao walijikwaa hapa. Tangu Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alipoiorodhesha jenasi hii (kundi la spishi zinazokaribiana) mwaka 1753, maumbo mengi ya majani yalipewa majina ya spishi, baadaye yakafutwa. Isitoshe, spishi zake huzaliana zenyewe kwa zenyewe na kutoa machotara.

Kwa hiyo jani pekee halitoshi kutambua spishi. Kagua utando mwembamba kwenye fundo la shina, suke la maua linalochomoza juu ya maji, na tunda lililoiva.

Na tafadhali, tusiuite magugumaji. Yale yaliyolisumbua Ziwa Victoria huelea huru na maua yake ni ya zambarau; potamogetoni hushika mizizi kwenye tope, na maua yake ni madogo ya kijani.