Gari Uliloliuza Zamani: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Mwezi huu pekee watu watatu wameingia katika ofisi yangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, na ombi lilelile, na mmoja wao hakungoja hata kukaribishwa kiti. Kazi yangu ni kushughulikia uhamishaji wa umiliki wa magari na kukata bima, kwa hiyo mtu anayetaka kujua gari lake la zamani limeishia wapi hudhani kuwa jibu liko mezani kwangu. Huyo aliyebaki amesimama ni mwalimu mstaafu kutoka Tukuyu. Alinitajia Corolla yake ya namba B, yaani zile ambazo herufi zake tatu za mwisho huanza na B, kwa kichwa, tarakimu na herufi, kisha akasema, "Mwanangu, wewe ingiza hiyo namba tu, kompyuta itakuambia liko kwa nani." Aliliuza mwaka 2011 ili apaue nyumba, na sasa mwanawe anataka kumnunulia lilelile, kama bado linatembea.

Dhana kwamba daftari la usajili linajua gari liko kwa nani ndiyo inayonichosha kuliko zote. Daftari la Mamlaka ya Mapato linajua kile tu lilichoambiwa. Tulikwenda pamoja katika ofisi ya TRA, mwalimu akiwa na kitambulisho na namba yake ya mlipakodi (TIN), na jina lililotokea mbele ya namba ile lilikuwa lake mwenyewe. Miaka yote hiyo hakuna aliyehamisha umiliki. Yeye alipokea fedha, akakabidhi ufunguo na kadi ya usajili, akasaini fomu ya uhamisho pasipo jina la mnunuzi kujazwa, akaona biashara imekwisha. Mnunuzi naye alipouza alikabidhi kadi ileile na fomu ileile, kwa sababu kila mmoja katika mlolongo huo aliona gharama ya uhamisho imhusu atakayefuata. Gari likapita mikono, kadi ikabaki na jina la mtu anayefuga kuku Tukuyu.

Mwalimu alipoona jina lake alifurahi, akauliza kama basi anaweza kwenda kulichukua. Hawezi. Sheria humchukulia aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mkataba wa mauziano wenye saini yake ndio hasa uthibitisho huo wa vinginevyo. Lakini mpaka mtu autoe mkataba huo mahali panapohusika, mzigo unabaki kwa aliyeandikishwa: gari likigonga mtu Mlima Nyoka usiku na dereva akakimbia, polisi wataanza na jina lililomo katika daftari. Kabla ya mwaka 2017, Serikali ilipofuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuihamishia katika bei ya mafuta, niliwahudumia watu wengi waliodaiwa ada za miaka kadhaa kwa magari ambayo hata rangi yake walikuwa wameisahau. Bado nawasikia wakisema, "Lakini nilishauza." Kuuza na kuhamisha umiliki ni mambo mawili, na nimelirudia jambo hili mara nyingi kiasi kwamba kijana wangu wa ofisini hulimalizia kabla yangu.

Hata pale umiliki ulipohamishwa ipasavyo, usidhani kwamba utasomewa jina na simu ya mmiliki wa sasa kwa kuwa tu gari liliwahi kuwa lako. Tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mwenye sababu ya msingi, kama vile kesi au deni, huiandika sababu hiyo katika barua ya maombi. Kulikumbuka gari si sababu ya msingi, ingawa namwelewa anayelikumbuka.

Wapo wanaoamini kuwa mnunuzi "alibadilisha namba", ndiyo maana hawalioni. Namba ya usajili hufuata gari, haimfuati mtu. Gari la binafsi likigeuzwa la biashara, kibao hutoka njano kuwa cheupe na namba hubaki ileile. Anayetaka namba binafsi yenye jina lake hulipa mamilioni, na sijaona mtu akifanya hivyo kwa Corolla ya kubebea viazi.

Wengine huja wamekwisha kulipia tovuti za nje zinazodai kutoa historia ya gari lolote. Nyingi kati ya hizo zimejengwa juu ya namba ya chasisi yenye herufi na tarakimu 17, wakati gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, yaani mengi ya haya tunayoendesha, lina namba fupi inayoanza na msimbo wa modeli, mathalani AE110, kisha kistari na tarakimu sita au saba. Fedha hizo hazirudi.

Kuhusu injini, fundi akikuonyesha injini yako ndani ya Noah ya mtu mwingine, hujalipata gari lako. Umepata injini. Utambulisho wa gari ni namba iliyogongwa katika bati la chasisi, na gari lililochinjwa huko gereji vipuri vyake husambaa huku daftari likiendelea kulihesabu kuwa lipo, kwa kuwa usajili haufutwi mpaka mwenyewe aombe na kurudisha kadi na vibao.

Sasa nieleze ninavyofanya mimi. Kwanza namwomba mtu mkataba wa mauziano na kivuli cha kadi, na wengi hawana, jambo ambalo halijaacha kuniudhi: kivuli ni shilingi mia chache, pande zote mbili, pamoja na picha ya namba ya chasisi. Pili nafungua ukurasa wa polisi wa kuangalia madeni ya faini za barabarani, ambako yeyote mwenye namba ya gari anaweza kuona kosa na mara nyingi mahali lilipotendeka. Tatu nahakiki bima katika mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa namba ileile. Bima iliyo hai maana yake kuna mtu anayelitegemea gari hilo leo, na jina la kampuni na tarehe vinatosha kunipa pa kuanzia.

Corolla ya mwalimu ilikuwa na faini moja ya shilingi 30,000, Makambako, na bima ndogo, ile ya kufidia watu wengine tu, iliyokatwa miezi miwili kabla. Tulimwachia ujumbe aliyelishika kupitia wakala wa bima, naye akapiga simu siku iyo hiyo jioni. Ni mtu wa nne kulinunua, ameng'oa viti vya nyuma ili apakie maparachichi, na kuuza hataki. Alichotaka kujua ni lini mwalimu atafika kusaini fomu, kwa sababu mwaka wa nne sasa amekuwa akimtafuta mtu aliyeandikwa katika kadi.