Kutoka Tabora kwenda kusoma Ujerumani: yanayosemwa na ukweli wake

"Kule kusoma ni bure"

Maneno haya yamezagaa Tabora mjini, Urambo mpaka Sikonge, na wapo wazazi wanaouza ng'ombe kwa kuyaamini. Ni kweli vyuo vikuu vingi vya umma havitozi ada ya masomo. Lakini jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula, vyuo binafsi navyo vina ada zao, na hata kwenye chuo cha umma mwanafunzi hulipa mchango wa muhula. Hata hivyo, mzigo mkubwa si chuo. Ni maisha.

"Hela ya visa ni ya kuonyesha tu ubalozini"

Hapa ndipo ninapowaomba wazazi tusikilizane vizuri. Mwanafunzi asiye na ufadhili wala mdhamini kwa kawaida huweka euro 11,904 za mwaka mmoja katika akaunti maalumu inayofungwa. Huwezi kuziazima kwa baba mdogo halafu ukamrudishia visa ikitoka. Zikishaingia zimeingia, na mwanao atakuwa anatolewa euro 992 kwa mwezi. Hizo ndizo kodi yake, chakula chake, bima yake na nauli yake.

Tena hazipati siku anayotua. Zinapitia akaunti ya kawaida ya benki, na benki nyingi hutaka kwanza hati ya kujiandikisha makazi. Hati hiyo haitoki bila anwani, na chumba hakipatikani bila pesa: kisheria mwenye nyumba anaweza kudai amana ya hadi kodi ya miezi mitatu, mbali na kodi yenyewe. Kwa hiyo kijana ana maelfu ya euro kwa jina lake na hana ya kununulia mkate. Tengeni fungu jingine la amana, kodi ya mwanzo na chakula cha mwezi mzima. Na aombe chumba cha bweni mara tu chuo kinapomkubali, asisubiri visa, maana foleni ni ndefu mno.

"Atafanya kazi, atajilipia na kututumia"

Sheria inampa siku 140 kamili za kazi kwa mwaka, au 280 za nusu siku. Biashara yake mwenyewe haruhusiwi kufanya bila kibali. Bima ya afya ni lazima, na bila uthibitisho wake chuo hakimsajili. Miezi ya mwanzo lugha bado nzito na kazi za kupata ni chache. Kumdai pesa wakati huo ni kumwonea, nasema wazi, hata kama tumemkopea.

"Abebe chakula cha nyumbani cha kutosha"

Nyama ya kukausha na samli haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya kwenye mzigo wa abiria anayetoka kwetu. Asali ya Tabora inapita, isizidi kilo 2.

"Kuna wakala anayehakikisha visa"

Hakuna. Visa huamuliwa na ubalozi na mamlaka za Ujerumani, basi. Orodha ya kozi, pamoja na ada zake na lugha ya kufundishia, iko kwenye tovuti ya DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, na kuisoma ni bure.