Samoa chini ya Nyuzilandi: yanayosemwa na yaliyotokea

Ukoloni ukitajwa, mawazo yetu hukimbilia London, Berlin na Lisbon. Wengi hushangaa kusikia kuwa Nyuzilandi nayo, nchi iliyokuwa na watu milioni moja na kidogo mwaka 1914, ilitawala visiwa vya Pasifiki.

"Visiwa hivyo iliangukiwa navyo tu."

La. Waziri Mkuu wake, Richard Seddon, alivitamani waziwazi, na mwaka 1901 Visiwa vya Cook na Niue viliunganishwa na Nyuzilandi. Samoa ya magharibi, ndiyo nchi ya Samoa ya leo, ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, askari wa Nyuzilandi walishuka Apia, mji wake mkuu, tarehe 29 Agosti 1914 wakaichukua bila mapigano. Baadaye Shirikisho la Mataifa likawakabidhi rasmi, kama lilivyowakabidhi Waingereza Tanganyika.

"Homa ya mafua ya 1918 ilikuwa kudra, iliua kila mahali."

Dhana hii ndiyo inayoniuma zaidi. Novemba 7, 1918, meli ya Talune ikitokea Auckland ilitia nanga Apia ikiwa na wagonjwa. Waliruhusiwa kushuka, hakuna aliyewekwa karantini. Katika wiki chache walikufa watu wapatao 8,500, yaani karibu mmoja katika kila watano. Wazee waliobeba historia ya koo walikwenda pamoja na wajukuu wao, na maiti zikazikwa katika makaburi ya pamoja.

Sasa tazama ng'ambo ya mlango wa bahari. Samoa iliyo chini ya Marekani ni watu walewale, lugha ileile. Gavana John Poyer alifunga bandari, na huko homa hiyo haikuua hata mtu mmoja. Poyer alitoa ahadi ya msaada. Mtawala wa Nyuzilandi, Kanali Robert Logan, hakuupokea. Kudra haichagui gavana.

"Mau ya Samoa na Mau Mau ya Kenya ni kitu kimoja."

Majina yamefanana kwa bahati tu. Kwa Kisamoa, *mau* ni msimamo usioyumba. Vuguvugu hilo la kupinga utawala wa Nyuzilandi lilishika kasi miaka ya 1920, kabla ya vita vya msituni vya Kenya, na njia yake ilikuwa kugoma: kutolipa kodi, kutohudhuria vikao vya serikali, kutotii amri. Wanachama walijulikana kwa lavalava (kitambaa cha kujifunga kiunoni) ya buluu yenye mstari mweupe, na kauli yao ilikuwa *Samoa mo Samoa*, Samoa ni ya Wasamoa.

Jumamosi ya Desemba 28, 1929, waliandamana Apia kuwalaki wenzao waliorejea kutoka uhamishoni. Polisi walitaka kumkamata mwandamanaji mmoja, vurugu zikazuka, risasi zikafyatuliwa na bunduki ya rashasha ikatumika. Chifu mkuu Tupua Tamasese Lealofi III alipigwa risasi akiwa anawatuliza watu wake, akafa siku iliyofuata. Polisi mmoja pia aliuawa. Wanaume wa Mau walipokimbilia porini kujificha, wanawake ndio walioshika vuguvugu.

"Yote yaliisha 1962."

Samoa ilipata uhuru Januari 1, 1962, siku 23 tu baada ya Tanganyika. Visiwa vya Cook vilianza kujitawala mwaka 1965 na Niue 1974, ila watu wake bado ni raia wa Nyuzilandi. Tokelau ingali eneo lake hadi leo. Waziri Mkuu Helen Clark aliomba radhi mwaka 2002 kwa homa ile na kwa damu ya 1929.

Lakini suala la uraia lilibaki. Mwaka 1982 Baraza la Mfalme la London, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya rufaa kwa Nyuzilandi wakati huo, liliamua kwamba Wasamoa waliozaliwa kati ya 1924 na 1949 ni raia wa Nyuzilandi. Mwaka huohuo Bunge la Nyuzilandi likatunga sheria ya kuwavua haki hiyo. Njia ya kuidai ilifunguliwa tena Novemba 2024, wakati walio wadogo kabisa kati yao walikuwa wametimiza miaka 75.