Je, wajua kwa nini paka huficha maumivu, na kwa nini Panadol humuua?

Mbwa akivunjika mguu, mtaa mzima unajua. Paka anaweza kukaa na jino bovu miezi mizima na wenye nyumba wasijue lolote. Si kwamba haumii. Anaumia kama sisi, ila asili yake imemfundisha kunyamaza.

Paka wote wa nyumbani wametokana na paka pori wa Afrika, mnyama anayewinda peke yake. Simba akiumia anaweza kula windo la wenzake. Paka pori hana wenzake, na kwa umbo lake dogo naye pia huwindwa, na tai, chatu na wanyama wakubwa kuliko yeye. Akilia au akichechemea hadharani, anajitangaza kwa adui. Aliyejua kujibanza kimya ndiye aliyeishi akazaa. Maelfu ya miaka ya kuishi na watu hayajaifuta tabia hiyo.

Ndiyo maana ukingoja alie, utachelewa. Tazama alichoacha kufanya. Alikuwa akirukia dirishani kwa mruko mmoja, sasa anapitia kwenye kiti kwanza, au anatazama juu kisha anaghairi. Manyoya ya kiunoni yameshikana kwa sababu kujigeuza ili ajilambe kunauma. Mwingine hufanya kinyume: analamba mahali pamoja, hasa tumboni, mpaka manyoya yanatoka. Anayedondosha chakula au kutafuna kwa upande mmoja mfungue kinywa utazame meno na fizi. Na yule aliyependa kupakatwa, leo anamuuma mtoto anayembeba, asichapwe kabla hujajua mtoto amemgusa wapi. Hata kujisaidia nje ya sanduku la mchanga, ambako watu wengi hukuita jeuri, huenda ni kwa sababu ukingo wa sanduku ni mrefu na magoti hayakubali.

Uzee ndio unaotudanganya zaidi. Paka wa miaka kumi na tatu akilala kutwa tunasema amezeeka, basi. Mwaka 2002 madaktari wa wanyama nchini Marekani walichapisha matokeo ya picha za eksirei za paka 100 waliozidi umri wa miaka 12, na 90 kati yao walikuwa na dalili za ugonjwa wa viungo. Wengi wa aina hii hawachechemei, maana kiwiko cha kulia na cha kushoto vinauma pamoja, hakuna mguu mzima wa kuegemea. Anachofanya ni kupunguza mwendo. Huyo hajachoka na maisha, anaumwa, na anaweza kusaidiwa.

Usitegemee pia ule mngurumo laini wa kifuani. Paka hunguruma akiwa na raha, na hunguruma vilevile akiwa amejeruhiwa au yuko karibu kufa.

Uso wake, hata hivyo, husema. Mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu cha Montréal, Kanada, walichapisha kipimo cha maumivu kinachosoma uso wa paka kwa mambo matano. Masikio huachana na kugeukia nje. Macho hufumba nusu. Pua na mdomo, ambavyo kwa kawaida ni mviringo, hukazana na kuwa bapa. Sharubu, badala ya kupinda na kulegea, hunyooka na kuelekea mbele. Kichwa hushuka chini ya usawa wa mabega. Kila jambo hupewa alama 0, 1 au 2, na jumla ikifika 4 kati ya 10, paka huyo anahitaji dawa ya maumivu. Mtazame akiwa macho na ametulia, si anapokula, anapojilamba au anaposinzia. Kipimo hiki hufaa zaidi kwa maumivu ya ghafla, kama ya jeraha au ya baada ya upasuaji.

Ukishajua anaumwa, mkono utaenda kwenye kabati la dawa. Hapo ndipo paka wengi hufia mikononi mwa watu wanaowapenda. Parasetamoli, tuliyoizoea kwa jina la Panadol, ikiingia mwilini mwa mtu, ini huifunga kwa kemikali nyingine na kuitoa kwa njia ya mkojo. Paka karibu hana kimeng'enya cha kazi hiyo. Jeni inayopaswa kukitengeneza imeharibika katika ukoo mzima wa paka, simba na chui wakiwemo. Wanasayansi wanaona sababu ni chakula: anayeishi kwa nyama tupu hakuwa na haja kubwa ya kuvunja sumu za mimea. Basi dawa hugeuka sumu na kushambulia chembe nyekundu za damu, mpaka damu ishindwe kubeba oksijeni. Ndani ya saa chache fizi zinakuwa za kahawia au za buluu, anahema kwa shida, uso na vitanga vinavimba.

Wala usidhani kumvunjia kidonge ni kumhurumia. Paka wa kilo 4 akipewa robo ya kidonge cha miligramu 500, amepata zaidi ya miligramu 31 kwa kila kilo ya mwili, na kuna paka waliodhurika kwa miligramu 10 tu kwa kilo. Kama ameshapewa, usimtapishe kwa chumvi wala usikae kumnywesha maziwa. Mkimbize kwa daktari wa mifugo na umpelekee pakiti ya dawa. Ipo dawa ya kuzuia sumu hiyo, asetilisisteini, na hufaa zaidi ikiwahi.

Ibuprofeni na diklofenaki huharibu figo na kutoboa tumbo. Aspirini hukawia mno kutoka mwilini mwake. Hata dawa ya kuchua magoti yako si salama akikulamba: mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya baada ya paka kufa katika nyumba ambazo watu walijipaka krimu ya flubiprofeni.

Daktari anazo dawa zinazomfaa: meloksikamu kwa matone yanayopimwa kwa uzito, buprenofini kwa maumivu makali, gabapentini. Uliza kuhusu figo kabla ya kuanza meloksikamu, na usitumie dozi ya mbwa. Mrekodi nyumbani kwa simu anavyotembea na anavyopanda ngazi, kwa sababu akifika kliniki hofu itamfanya afiche kila kitu. Nyumbani, kata upande mmoja wa sanduku la mchanga uwe chini, weka kigoda mahali anapopenda kupanda, mtandikie mbali na sakafu yenye baridi, na mpunguze kucha, maana za wazee hukua hadi kuchoma nyayo.

Kuna dalili moja isiyongoja kurekodiwa: dume anayekwenda mchangani mara kwa mara, anajikakamua, analia, na hakuna kinachotoka au ni matone tu. Watu hudhani amefunga choo. Mara nyingi ni njia ya mkojo iliyozibwa na ute na fuwele, kwa kuwa ya dume ni nyembamba sana. Mkojo ukirudi nyuma, figo husimama, potasiamu hupanda kwenye damu na moyo hushindwa. Anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu. Apelekwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, na asiminywe tumbo njiani, kwa sababu kibofu kilichojaa kinaweza kupasuka.