Je, wajua kwa nini "acha mawazo" haimsaidii mwenye sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), na masikio yanaingiaje?

Mwambie kijana aliyejifungia chumbani kwake Iyunga, Mbeya, mwenye sapu mbili (mitihani ya kurudia) na ada iliyokwama, "acha mawazo, ndugu yangu." Atakuitikia vizuri kabisa. Ukitoka tu, anarudi palepale: kwa nini nimefeli, kwa nini mimi, nina shida gani. Si kwamba amepuuza ushauri. Kwa nini basi hawezi kuacha?

Mwanasaikolojia wa Marekani, Susan Nolen-Hoeksema, alilifuatilia jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1989 aliwapima wanafunzi 137 wa Chuo Kikuu cha Stanford: wana huzuni kiasi gani, na huzuni ikiwajia wanafanya nini. Siku 14 baadaye, Oktoba 17, tetemeko kubwa la Loma Prieta likapiga eneo lile. Alipowapima tena, siku 10 na kisha wiki 7 baada ya tetemeko, waliokuwa tangu awali na tabia ya kuizungukazunguka huzuni yao walikuwa na dalili nyingi zaidi za sonona kuliko wenzao. Hata alipoondoa hesabu ya huzuni waliyokuwa nayo mwanzoni, tofauti ilibaki.

Kuwaza kwa namna hiyo ni kama lori lililonasa kwenye tope la masika kule Rungwe: kadiri dereva anavyokanyaga mafuta, ndivyo tairi linavyochimba. Mwenye kuwaza anaamini anatafuta ufumbuzi, ndiyo maana haachi. Lakini "kwa nini mimi" halina jibu la kumfikisha popote, na muda wote huo umakini wake umegeukia ndani. Anasikiliza moyo wake, uchovu wake, lawama zake. Mlango ukigongwa hausikii.

Hapo ndipo Adrian Wells, mwanasaikolojia wa Uingereza, alipoingilia. Mwaka 1990 alichapisha zoezi ambalo halibishani na mawazo yenyewe. Linanoa uwezo wa kuhamisha umakini, na kifaa chake ni sauti za kawaida.

Tuseme unakaa chumba kimoja jirani na soko la Mwanjelwa. Unaketi, macho wazi, unakazia sehemu moja ukutani. Kisha unatega sikio. Kuna mashine ya kusaga. Kuna bajaji zinazogombania abiria, redio ya jirani, mtoto anayelia uani, manyunyu juu ya bati, na mbali kidogo malori ya Tunduma yakibadilisha gia. Kwa dakika 5 hivi unachukua sauti moja moja: mashine tu, na hizo nyingine unaziacha zipite, kisha redio tu, kisha malori tu. Dakika 5 zinazofuata unahama haraka, mashine, mtoto, bati, lori, bila kukaa popote. Dakika 2 za mwisho unajaribu kuzisikia zote kwa pamoja, za karibu na za mbali. Jumla dakika 12. Ni kazi ngumu kuliko inavyosomeka, na inatakiwa iwe ngumu.

Wengi hulichukua zoezi hili kama njia ya kujiliwaza, na hilo ni kosa. Halifanywi ili upate usingizi wala ili ukimbie wazo baya linapokuchoma. Linafanywa kila siku, kwa muda uliopangwa, uwe na nafuu au usiwe nayo. Katikati ya zoezi wazo litakuja tu: "wewe ni mzigo kwa wazazi wako." Hulifukuzi, hulijibu. Unaliacha lipite kama kelele nyingine, unarudi kwenye lori.

Kwa maoni yangu, faida kubwa iko hapa. Mtu mwenye sonona amejiaminisha kwamba hawezi kuyazuia mawazo yake, kwamba yanamwendesha. Baada ya siku kadhaa za kuhamisha sikio kutoka mashine hadi redio, wazo lile likiwa bado lipo, anaona mwenyewe kwamba wazo linaweza kuwepo na yeye asilifuate. Hiyo haifundishwi kwa maneno.

Ushahidi wake nauheshimu, ila usikuzwe. Mwaka 2000 Costas Papageorgiou na Wells walilitumia kwa wagonjwa 4 wenye sonona ya kujirudia, wakapata nafuu. Wagonjwa 4 ni wachache. Ipo pia njia nyingine, ya kompyuta, inayozoesha macho kutong'ang'ania picha za huzuni. Mwaka 2010 Tony Wells (si yule Adrian) na Christopher Beevers waliijaribu kwa wanafunzi 34 huko Marekani, vipindi 4 ndani ya wiki 2, na dalili zilipungua. Tafiti zilizofuata zimetoa majibu mchanganyiko: wengine walisaidika kidogo, wengine hapana.

Vijana ndio wanaohitaji kuyajua haya mapema. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba robo tatu ya magonjwa ya akili ya maisha yote huwa yameshaanza mtu akiwa na miaka 24. Ni umri uleule wa kupanga geto Iyunga au Iringa mjini, mbali na mama, baridi ya Juni ikikubakiza kwenye blanketi hadi saa nne.

Kama huzuni imekaa wiki mbili au zaidi, usingizi na hamu ya kula vimeharibika na masomo hayaendi, nenda hospitali ukaonane na mtaalamu. Sonona ina matibabu, ya mazungumzo na ya dawa, na zoezi hili linaweza kwenda pamoja nayo bila kuchukua nafasi yake. Na kama mawazo ya kujiua yameanza, usisubiri wiki mbili wala usibaki peke yako: mwambie mtu leo, akusindikize.